Friza ya Chumba cha Eda

Tak.

Sele aliisikia kabla hajaiona nyumba. Dereva wa bodaboda alikuwa amezima injini ili pikipiki iteremke yenyewe kijilima cha mwisho, kubana mafuta, na katika ule ukimya sauti ikawapata njiani: moja, kavu, kama mtu aliyevunja kijiti kwa vidole. Kisha mngurumo mzito ukaanza, ukajikokota kama mgonjwa anayeshuka kitandani, ukapanda, ukatetemeka, ukang'ang'ania kidogo. Tak. Kimya tena.

"Ile ile," alisema Sele, akalikumbatia begi la vifaa.

"Nini, fundi?"

"Friza ya Mwanaima."

Dereva alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Aa, fundi! Hiyo friza inakutaka. Mke wa nyumbani anajua?"

Sele hakucheka. Alikuwa ametoka Ngamiani, mjini Tanga, alfajiri, amebadilisha gari njia panda, amekula vumbi la Moa kwa mara ya tatu ndani ya majuma machache, na shati lilikuwa limemganda mgongoni kama karatasi iliyofungiwa andazi la moto. Mke wa nyumbani alijua, tena alijua sana. Alipokuwa akitoka asubuhi, Nasra alimwambia neno moja tu: "Feni." Basi. Feni ya chumbani kwao ilikuwa imesimama tangu kaskazi ianze kuunguza watu. Mjini Tanga feni zilizunguka kwa mkono wa Sele, kuanzia misikitini hadi kwenye saluni, na mkewe yeye alilala akijipepea kwa kifuniko cha ndoo.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja unaoisha kwa kuoga na kulala. Ulikuwa umemwingia kwenye vifundo vya vidole, kila bisibisi ikawa nzito kuliko jana yake. Na juu ya uchovu kulikuwa na hasira, kwa sababu Sele alikuwa mtu wa kujiona, na hakuficha. Tangu aanze kazi hii hakuna mashine iliyomshinda akarudi nayo kichwani. Hii ilikuwa imelala naye, imekula naye, imeswali naye. Juzi alijikuta kwenye rakaa akiwaza mahali pa kupima umeme.

Barazani alikaa Shaame, shemeji yake Mwanaima, mrefu, kofia imemtelemkia kwenye nyusi kwa jasho. Alikuwa mkulima wa karafuu wa Pemba. Alivuka kuja kumzika nduguye Abdulla, mshona nyavu, na hajarudi tangu hapo, kwa kuwa hakuona vizuri kumwacha mjane wa nduguye hadi eda iishe.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam. Karibu, fundi. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Moa nzima imeisikia. Jana muadhini kaniuliza, yakhe, humo ndani mwapasua kuni usiku kucha?" Shaame alisogea kumpa nafasi kwenye mkeka. "Kaa upumzike. Leo ndio mwisho, hiyo nakwambia kwa uzuri. Zebedayo, yule wa vyuma chakavu wa Maramba, anapita alasiri na pikapu. Ikiwa friza haikukaa sawa, anaipakia. Mimi sina nguvu tena ya mambo haya."

"Mwenyewe amekubali?"

Shaame aliangalia ukuta wa nyumba, kama anayetazama uso wa mtu. "Mwenyewe kasema ataisikiliza kauli ya fundi. Ukisema inapona, inabaki. Ukisema imekufa, atakubali iende, na eda ikiisha atafuatana nami Pemba, akae na wake zangu na watoto. Kwa nini akae hapa peke yake, na kitu cha kumweka hana?"

Sele alijua kitu cha kumweka kilikuwa nini. Ilikuwa hiyo hiyo friza. Mwanaima aliinunua kwa pesa za upatu wake, kabla hata Abdulla hajaanza kukohoa. Barafu yake ndiyo iliyobeba samaki wa Moa kwenye matenga ya bodaboda hadi Maramba bila kuharibika. Kwa barafu alimuuguza mumewe, na kwa barafu alinunua sanda. Hakuwahi kumnyooshea mtu mkono. Tangu mauti yaingie nyumbani ndipo na friza ilipoanza kugoma, na watu wa pwani hawakosi maneno: wengine walisema imeingiwa na jicho, wengine wakasema inamlilia marehemu.

"Fundi kaja?" Sabiha alitokeza dirisha la ukumbini. Alikuwa binti wa dada yake Mwanaima, mtaliki, mwenye ulimi, ndiye aliyeuza barafu dirishani tangu mama yake mdogo aingie eda. "Karibu fundi wa kudumu. Tukutandikie kabisa?"

"Sabiha, sina nafasi ya mizaha leo."

"Sisi ndio hatuna barafu. Maji yamelala humo tangu juzi yanatutazama tu. Mimi nasema friza nayo imekaa eda, haitaki kuonwa na wanaume. Ikitoka nje kwako inajitia nzima, ikirudi ndani kwa wenzake inalia."

Hapo ndipo penyewe. Hapo ndipo Sele alipokuwa amekwama, na mzaha ule ulimchoma kama sindano.

Kwani mambo yalikuwa hivi. Zamani friza hiyo ya kulala, yenye mlango juu, ilikaa ukumbini. Abdulla alipofariki, ukumbi ukajaa wanaume wa kuhani, na Mwanaima akaingia chumbani kukaa eda yake, asionwe na mwanamume anayeweza kumuoa. Wanawake wakaihamishia friza humo humo chumbani ili afunge mwenyewe maji kwenye vifuko bila kutoka. Na Bi Semeni, mama mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimamia eda hiyo, na sheria yake ilikuwa moja: chumba cha mfiwa hakiingiwi na mwanamume wa kando, mwenyewe awemo au asiwemo. Safari ya kwanza Sele aliomba Mwanaima apishwe chumba kingine, yeye aingie kidogo tu. Bi Semeni alimtazama tu, na Sele hakuomba tena.

Kwa hiyo kila alipokuja, wanawake waliisukuma friza hadi mlangoni mwa chumba, wakarudi ndani. Yeye na Shaame wakaipokea, wakaitoa barazani. Akaiwasha. Nayo ikaunguruma vizuri, laini, kama paka aliyeshiba. Alisubiri mpaka barafu nyeupe ikaota kwenye kuta za ndani. Hakuna tak. Wanaume wakairudisha mlangoni, wanawake wakaipokea na kuiweka mahali pake, Sele akafunga begi, akaenda zake Tanga. Kabla hajafika mjini, simu: fundi, imeanza tena.

Safari ya kwanza alibadilisha rilei, ule mdudu mdogo wa kuishtua mashine. Safari ya pili aliishuku soketi ya chumbani, akavuta waya mrefu kutoka ukumbini, akawapitishia chini ya mlango. Alipima umeme asubuhi na jioni, watu wanapopika na wasipopika. Aliuliza hata nafasi ya nyuma, kwa kuwa mashine hutema joto lake nyuma, na ikikosa pa kulitema inajipika yenyewe. Bi Semeni akajibu kutoka ndani, "Ipo nafasi, shubiri nzima." Na shubiri nzima ilimtosha.

Aliijua hata hiyo tak. Ilikuwa ovalodi, kidude kama kifungo cha koti kinachokata umeme mashine ikizidi moto, isije ikaungua. Ikipoa, kinarudisha. Mashine inazidi moto. Kwa nini izidi moto ndani, na nje isizidi? Upepo wa baraza peke yake haukutosha kuwa jibu. Hata usiku, jua likishazama, tak ilikuwa ile ile. Hapo ndipo kichwa chake kilipogonga ukuta kila mara.

"Tuitoe?" aliuliza Shaame, akianza kukunja mikono ya kanzu.

Sele aliangalia begi lake. Aliona tangu mwanzo hadi mwisho yatakayotokea: wataitoa, itapona, wataingiza, itaugua. Atarudi Tanga na giza. Kesho simu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nipate maji."

Sabiha akampa maji ya mtungi dirishani. "Ya baridi hatuna," alisema, "tunamsubiri fundi."

Simu ikaita. Nasra.

"Umefika?"

"Nimefika. Feni tutaitazama nikirudi."

"Sijauliza feni. Nimeuliza umefika. Sauti yako imechoka, Sele. Hiyo kazi iache. Mashine moja haikuvunji jina."

"Inanivunja," alisema Sele, akakata kabla hajasikia jibu.

Shaame alikuwa amesikia. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mwema kabisa, na hilo ndilo lililofanya maneno yake kuwa mazito: "Bwana Sele, nikwambie kitu. Wewe umechoka. Mimi nimechoka. Mikarafuu yangu inanisubiri, watoto wananisubiri. Yule ndani naye amechoka, ila hatosema. Yuapigana na sanduku la bati. Wewe ndiye fundi, kauli yako haina wa kuipinga. Sema imekufa. Neno moja tu. Zebedayo aipakie, sote tupumzike."

Maneno yalimwingia Sele vizuri mno, kama maji yale ya mtungi. Imekufa. Na nani angesema si kweli? Mashine ya miaka ile, kwenye hewa hii ya chumvi inayokula hata misumari ya msikiti. Kompresa zinakufa kila siku. Amezitangaza nyingi. Angesema, angefunga begi, angepanda bodaboda, na leo angefika nyumbani jua likiwapo, akafungua ile feni, akalala kwenye upepo. Na jina lake? Jina lingebaki salama. Fundi hashindwi na maiti.

"Nimwambie mimi?" aliuliza Shaame taratibu. "Au utamwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe," alisema Sele.

Aliinuka, akazunguka upande wa nyumba hadi kwenye dirisha la chumba cha eda. Dirisha lilikuwa na mbao zilizofungwa, na nyuma ya mbao kitambaa kizito cheusi cha kaniki. Alikohoa.

"Dada Mwanaima. Mimi Sele, fundi. Pole na msiba, na pole na usumbufu."

"Tumeshapoa, kaka." Sauti ilikuwa karibu kuliko alivyotazamia, tulivu, imekauka kidogo kwa kutozungumza na watu. "Pole na wewe na njia."

"Dada, nilitaka kukwambia kuhusu mashine. Nimejitahidi. Nimebadilisha nilichoweza kubadilisha. Lakini mashine nayo ni kama kiumbe, ina mwisho wake. Kwa hiyo mimi naona..."

"Imekufa?"

Sele alifungua mdomo.

"Fundi," alisema Mwanaima kabla neno halijatoka, "usiniambie imekufa kwa kuwa umechoka. Nimekesha na mtu humu mpaka pumzi ya mwisho. Nakujua kufa kunavyosikika. Sauti inapungua, inapungua, kila siku inaomba kidogo zaidi ya jana. Hii haipungui. Nimekaa nayo usiku na mchana, sina kingine cha kusikiliza. Inaanza na nguvu zake zote, halafu kama inazibwa pumzi. Hii haijafa. Hii inaita."

Ndani ya chumba mngurumo ulianza tena, kana kwamba umesikia unasemwa. Sele, bila kujua anafanya nini, aliegemeza sikio kwenye ukuta. Mawe na chokaa vilikuwa na joto la jua. Akasikiliza. Kweli, haikuwa sauti ya mashine iliyochakaa. Iliyochakaa huguna tangu mwanzo. Hii ilianza safi, ikaenda, kisha ikazidiwa.

Kama inazibwa pumzi.

Tak.

Aibu ilimpanda Sele shingoni kama jua. Si kwa kuwa alikuwa amekosea, kukosea kupo. Ni kwa kuwa mwanamke aliyefungiwa kwa mapazia alikuwa amesikiliza vizuri kuliko yeye, na yeye alikuwa amekuja dirishani na uongo mkononi.

"Dada Mwanaima," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine. "Mimi siwezi kuingia humo. Utakuwa mikono yangu?"

"Mikono gani?"

"Nitakwambia pa kugusa, uniambie unachokigusa. Kila kitu. Hata kama unaona hakina maana."

Akadakia Bi Semeni, kumbe yumo humo humo: "Mambo gani haya ya kupapasana dirishani?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeuliza mambo gani."

"Anapapasa friza yake, bibi, hanipapasi mimi."

Sabiha aliangua kicheko ukumbini. Bi Semeni alinung'unika jambo kuhusu vijana wa mjini, lakini hakukataza.

"Weka kiganja ubavuni mwa friza, upande wa mlango."

"Nimeweka. Vuguvugu."

"Pitisha mkono hadi kwenye pembe ya nyuma, chini."

Kikasikika kishindo kidogo cha bangili na bati. "Ah! Moto kama pasi."

"Sawa. Sasa ingiza mkono nyuma, kati ya friza na ukuta. Ile shubiri aliyoisema bibi. Mkono unapita?"

"Unapita... hapana. Haupiti vizuri."

"Ukuta umekaribia?"

"Ukuta uko mbali. Sijaufikia." Bangili zikalia tena. "Sijaufikia kwa sababu kuna pazia."

Sele alisimama wima. "Pazia gani?"

"Pazia langu. La eda."

"Pazia la kitandani? Linafanya nini nyuma ya friza?"

Hapo wanawake walijibu wote kwa pamoja, na ikamchukua Sele muda kuyachambua maneno yao. Alipoyachambua, picha ilikuwa hii. Walipoihamishia friza chumbani, ilikaa miguuni pa kitanda cha Mwanaima. Bi Semeni alitundika pazia kuzunguka pembe nzima, kitambaa kizito cha kushonea magodoro, kimekunjwa mara mbili ili kisipenyeze mwanga. Kamba yake haikutosha kuzunguka. Basi upande wa friza pazia likapitishwa juu kwenye msumari, likashushwa nyuma ya friza, na chini likasokomezwa barabara kwenye ile shubiri, lisipepee, mtu wa dirishani asije akaona hata ukucha wa mfiwa. Kila friza ilipotolewa, lilivutwa kando. Kila iliporudishwa, Bi Semeni mwenyewe alilisokomeza upya kwa mpini wa ufagio.

Wanaume walioitafuta ile homa hawakupata kuingia. Wanawake waliokuwa ndani hawakulihesabu pazia kuwa kitu, lilikuwa eda. Sele aliuliza kuna nafasi gani, wakamwambia kweli tupu: shubiri nzima. Hakuuliza shubiri hiyo ina nini ndani.

Aliketi chini, pale pale mchangani chini ya dirisha, akacheka bila sauti. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa cha mtu aliyebeba gunia mwendo mrefu, akalitua, akaona lilikuwa la makapi.

"Fundi?" aliita Mwanaima. "Ni hilo?"

"Ni hilo, dada. Mmemvika blanketi mgonjwa wa homa. Litoeni pazia huko nyuma."

"Halitoki!" alisema Bi Semeni. "Pazia la mfiwa halichezewi kwa ajili ya barafu. Akionwa, atajibu nani? Wewe?"

"Bibi..."

"Nimesema."

Sele angeweza kubishana. Ulimi alikuwa nao, na hasira ya safari zote tatu ilikuwa imejikusanya kwenye ncha yake. Lakini kabla hajasema, Mwanaima alizungumza, si kwa dirisha, bali kwa mkwewe, kwa upole ambao Sele aliuonea wivu.

"Mama, pazia linanisitiri mimi. Friza haihitaji stara. Na mimi nikiondoka hapa kwenda kukaa kwa watu, kupewa sahani na kuangaliwa nimekula kiasi gani, stara yangu itakuwa wapi? Lishushe upande huu wa kwangu, kati ya kitanda na friza. Sitoonwa."

"Kamba haifiki."

"Kamba ninayo mimi," alisema Sele haraka. Akafungua begi, akatoa kamba ya nailoni aliyofungia mizigo, na misumari miwili mirefu. "Sabiha, njoo upokee hapa nje. Gonga mmoja juu ya kitanda, mwingine kwenye fremu ya mlango. Friza ibaki nje ya pazia, imgeuzie kila mtu mgongo wazi. Na kile kitambaa cha maua mlichoifunikia friza kuanzia juu hadi sakafuni..."

"Umejuaje?" aliuliza Sabiha, ameshangaa.

"Mimi nina mke. Friji yetu imevaa kuliko mimi. Kivueni."

Walikuwa na kazi humo ndani. Nyundo ilipiga, mtu akapiga chafya ya vumbi, Bi Semeni akaamuru na kulaumu na kuamuru tena, na kutokana na sauti yake Sele alitambua kwamba bibi ameshakubali, maana sasa alikuwa akilalamika kwamba kamba imelegea. Kisha friza ikasogezwa, bati likikwaruza saruji.

"Iacheni ipoe kwanza. Msiwashe mpaka niseme."

Alirudi barazani. Shaame alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia. Haikuwa imekufa." Akamweleza yote kwa ufupi, kwa kuwa nguvu za kueleza kwa urefu hazikuwapo.

Shaame alisikiliza hadi mwisho. "Pazia," alisema. "Safari zote hizi. Pazia." Hakukasirika wala hakufurahi. Alivua kofia, akajipangusa, akaivaa tena. "Na ikiwa siyo hilo?"

"Basi Zebedayo na aichukue, na mimi anipakie juu yake."

Iliadhiniwa alasiri. Walikwenda msikitini, na Sele aliswali bila kuwaza umeme hata mara moja, labda kwa kuchoka. Waliporudi, pikapu ilikuwa imeegeshwa kivulini mwa nyumba, nyuma imejaa mageti ya kutu na vyerehani visivyo na vichwa. Zebedayo, mtu mnene mwenye fulana ya timu iliyopauka, alikuwa ameshateremsha ubao wa nyuma.

"Mzigo uko wapi, mzee Shaame? Nataka kufika Maramba kabla ya giza."

Shaame alimwangalia Sele.

"Sabiha!" aliita Sele. "Washa."

Mngurumo ulianza. Wanaume watatu walisimama pale barazani wakisikiliza ukuta, kama watu wanaosubiri habari za mzazi. Ulipanda. Ukafika pale ambapo siku zote ulitetemeka. Ukapita pale. Ukatulia. Ukaenda, mwembamba, sawasawa, hauombi kitu.

Zebedayo alichoka kwanza. "Jamani, tunasikiliza nini?"

"Nyamaza," alisema Shaame.

Walikaa. Kahawa ililetwa, ikanywewa. Kivuli cha pikapu kilirefuka hadi kikagusa ngazi. Kila sauti kavu ilimshtua Sele, mlango wa jirani, kikombe cha kahawa kikiwekwa chini, lakini ile yenyewe haikuja. Mwishowe Sabiha alitokeza dirishani bila mzaha wowote, akamnyooshea Shaame kifuko cha maji. Hakikuwa barafu bado. Lakini pembeni maji yalikuwa yameanza kuwa meupe, na kifuko chote kilitoka jasho la baridi.

Shaame alikishika kwa viganja vyote viwili. Alikaa nacho muda mrefu.

"Fundi," alisema, hakumtazama, "imekufa au haikufa?"

"Haikufa, mzee Shaame."

"Haya." Akamgeukia Zebedayo. "Bwana, nisamehe. Hakuna mzigo. Kuna nanga ya marehemu imeoza nyuma ya choo, ikikufaa ichukue."

Zebedayo alilalamika kama ilivyostahili, akaichukua nanga, akaondoka. Shaame akabaki akiangalia vumbi lake. Sele alidhani atasema kitu kuhusu Pemba, kuhusu mikarafuu, kwamba alitaka mema tu. Badala yake aliweka kile kifuko shingoni, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

Sele alifunga begi. Mgongo ulimuuma, njia ilikuwa ndefu, na kule mwisho wake kulikuwa na feni. Hakuhisi ushindi. Alihisi tu kwamba kitu fulani kimeacha kumgonga kichwani, na ukimya ule ulikuwa mtamu kiasi cha kumlaza pale pale kwenye mkeka. Alizunguka hadi dirishani kuaga.

"Dada Mwanaima, mimi naondoka. Pazia lisirudi nyuma ya friza."

"Halitorudi. Mama mwenyewe analilinda sasa, ameshika ufagio." Mashine ikasikika nyuma yake, inaenda. "Fundi. Pale mwanzo, ulikuwa useme nini?"

Sele aliangalia mchanga. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Haidhuru, hukulisema." Kisha, na safari hii kulikuwa na kicheko chembamba ndani ya sauti yake iliyokauka: "Sasa nenda kwa mkeo, na usirudi tena Moa."

Bodaboda iliyomleta ilikuwa imerudi, imeshawashwa. Sele alilitupia begi begani, akasogeza mdomo karibu na mbao za dirisha ili asikike juu ya injini.

"Kutengeneza sirudi," alisema. "Lakini siku utakayotoka eda, dada, ukikaa barazani na ndoo yako, mimi na Nasra tutakuwa tumeshafika. Barafu ya kwanza nitainunua mimi. Wallahi, nakuahidi."